Kilele cha Saa Kumi na Mbili

Kuna nchi moja, ilikuwepo zamani na ipo hata leo, maana nchi haina pa kuhamia. Jina lake halitajwi hapa. Si kwa woga. Lilipelekwa kwenye kamati likaangaliwe upya, na mpaka tunakwenda mitamboni mwenyekiti wa kamati alikuwa hajarudi safari.

Katika nchi hiyo jua lilikuwa la bure na umeme ulikuwa wa shida. Ili viwili hivi vijuane, Serikali ilijenga shamba la jua nyuma ya mji: vioo elfu arobaini vya samawati, vimelazwa kwa safu kama mikeka iliyoanikwa. Siku ya ufunguzi ilisomwa hotuba ndefu, na watu wawili walizimia kwa jua lilelile lililokuwa likisifiwa.

Bi Sikudhani Makame hakuisikia hotuba wala hakuzimia. Alikuwa kazini, katika chumba cha swichi, mahali alipokaa miaka ishirini na sita mpaka kiti kikachukua umbo lake. Ukutani mbele yake zilipangwa swichi kubwa za mkono, kila moja na jina la mtaa, na kazi yake, tuseme tu wazi, ilikuwa kukata umeme. Majirani wakimwuliza, alisema anafanya kazi ya ofisi.

Kukata huko wenyewe wanakuita mgao. Kwingine mtu akisema amepata mgao, unamwuliza ni wa nyama au wa mchele. Kwao mgao ni giza, na kila mtaa hupata fungu lake kwa zamu, pasipo upendeleo. Isipokuwa swichi moja, ya kwanza kushoto, iliyobandikwa karatasi: HAIGUSWI. NI YA TAIFA. Hiyo ilikuwa laini ya Kilimani, penye nyumba za mawaziri, wizara zao na uwanja wa sherehe. Ilikuwa na vumbi la miaka ishirini na sita, maana hata kuifuta ni kuigusa.

Shida yenyewe haikuwa ya kumshinda mtu mwenye akili ya kawaida, na labda hapo ndipo ilipokuwa shida. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, vioo vilitoa umeme mpaka nyaya zikavuma, na hapakuwa na wa kuutumia. Watu wako mashambani, wako sokoni, taa zimezimwa, pasi zimelala. Umeme ukizidi huharibu mitambo, basi Sikudhani alipiga simu kule kwenye vioo na kusema, "Zimeni nusu." Saa moja jioni kila mtu amerudi. Taa, pasi, friji, runinga, jiko. Na Idara ya Maji nayo huwasha pampu zake saa moja kamili, kwa sababu kuna waraka wa zamani uliosema hivyo na aliyeuandika alishakufa. Saa hiyo jua halipo tena. Unabaki umeme wa maji unaozalishwa bwawani, nao peke yake hautoshi. Sikudhani anasimama, goti moja likimuuma, anakata mitaa mitatu.

"Mchana namwaga, jioni natafuta," alimwambia Ngwali, fundi aliyekuwa naye zamu. "Hata kichaa akiteka maji hayamwagi mlangoni kwake."

"Usiseme kwa sauti, dada Siku. Watakupa tuzo ya kumwaga."

Aliandika barua Wizarani. Haikuwa ndefu. Alisema pampu za maji ziwashwe mchana, kwani maji yakishapanda kwenye tangi hayaulizi yamepandishwa saa ngapi. Alisema kiwanda cha barafu nacho kigandishe mchana. Jua litakalobaki, alisema, litafutiwe betri kubwa za kulihifadhi mpaka jioni. Akajibiwa kuwa barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Miaka minne ikapita.

"Ingekuwa mtu," Ngwali alisema, "kwa kufanyiwa kazi kote huko ingeshastaafu."

Sikudhani hakucheka. Katika orodha ya mitaa yake ulikuwemo Mikoroshoni, na Mikoroshoni ilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na mkunga aitwaye Bi Chiku, aliyezalisha wanawake huku ameuma tochi. Tochi yenyewe ilikuwa na alama za meno. Mwaka uliotangulia, katika mwezi wa Shaabani, Sikudhani aliikata Mikoroshoni kwa zamu yake, na kesho yake mtaa huo ukamzika mama na kitoto chake. Alikwenda msibani. Alikaa na wafiwa, akaosha vyombo. Hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyejua ni mkono wa nani uliokata. Yeye aliujua, akaja nao nyumbani.

Sasa Mwanamkasi, binti yake wa pekee, aliyeolewa hukohuko Mikoroshoni, alikuwa na mimba ya miezi minane.

*

Ndipo akaletwa mtaalamu kutoka nje. Alikuwa kijana mpole, alikunywa maji mengi, akakaa wiki tatu. Siku mbili katika hizo alikaa chumba cha swichi akimwuliza Sikudhani maswali na kuandika kila alichojibiwa. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili, lakini maana yake ilikuwa moja: jua lenu linafikia kilele saa 12:00, mahitaji yenu yanafikia kilele saa 7:00, ama muyasogeze mahitaji kwenye jua, ama mlihifadhi jua lingoje mahitaji. Ilikuwa barua ya Sikudhani, imevaa tai.

Ripoti ilipelekwa Wizarani ikatafsiriwe. Hapo, msomaji, vumilia kidogo. Wewe na mimi tumelelewa na saa inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Mgeni huanza kuhesabu usiku wa manane, sababu anazijua mwenyewe. Ndiyo maana saa ya mkononi ikisema saba ya jioni, mama yako anasema saa moja, na hamgombani. Mtu anageuza kichwani, basi. Mtoto wa darasa la pili anageuza. Hata mashine ya kumbukumbu ya chumba cha swichi ilichapa saa za kigeni, na Sikudhani alizigeuza bila kujua kuwa anageuza.

Wizara haikugeuza. Wizara ilikuwa na kanuni: tarakimu hazitafsiriwi. Kanuni hiyo ilitungwa ili watu wasichezee hesabu, na ilikuwa kanuni nzuri, ilikosa tu pa kukaa. Kumi na mbili ikabaki kumi na mbili, saba ikabaki saba. Herufi mbili ndogo zilizofuata tarakimu, p na m, zilifutwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika ni cheo cha nani.

*

Kikao kiliitishwa Kilimani, katika ukumbi wenye mapazia mazito. Mapazia yalifungwa kwa kuwa jua lilikuwa kali, taa zikawashwa kwa kuwa mapazia yamefungwa, na viyoyozi vikawashwa kwa kuwa watu ni wengi. Waziri wa Nishati, Mwangaza na Mambo Yanayofanana na Hayo, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kuswalisha, alisimama na ripoti mkononi.

"Ndugu zangu, kumbe tatizo letu ni dogo. Kitaalamu, jua letu linafikia kilele saa kumi na mbili jioni. Wananchi wetu wanauhitaji umeme zaidi saa saba mchana. Kwa lugha nyepesi, jua la nchi hii linachelewa kazini."

Makofi yakapigwa. Katibu Mkuu akaandika pembeni: jua lijieleze.

Sikudhani, aliyealikwa ili wawepo na wa ngazi ya chini, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, saa kumi na mbili jua linazama."

"Nani huyo?"

"Sikudhani, Mheshimiwa."

"Sikuulizi ulidhani nini. Nakuuliza wewe nani."

"Ndilo jina langu, Mheshimiwa. Sikudhani Makame, wa chumba cha swichi."

"Haya, Bi Sikudhani. Linazama. Kwani mtu akipanda mlima mpaka kileleni, hatua inayofuata ni ipi? Si kuteremka? Basi limefika kileleni, linateremka. Umenithibitishia mwenyewe."

"Mheshimiwa, hizo ni saa za kigeni. Kumi na mbili yao ni saa sita yetu ya mchana. Saba yao ni saa moja yetu ya jioni. Ndiyo maana nakata saa moja."

Katibu Mkuu alifungua kitabu cha kanuni pale alipokwisha kutia kidole. "Tarakimu hazitafsiriwi, Mheshimiwa. Kifungu cha nne."

"Basi tufungue pazia tu," alisema Sikudhani. "Sasa hivi ni saa sita na robo. Tuliangalie."

Mtu mmoja karibu na dirisha aliangalia kamba ya pazia, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe, akaificha chini ya meza. Waziri alitabasamu kwa upole mkubwa.

"Bibi, mtaalamu amekaa hapa wiki tatu. Wewe kwenye swichi umekaa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Ndiyo maana. Umeshalizoea kosa."

Makofi yakapigwa tena, pazia likabaki limefungwa. Sikudhani hakukasirika. Hasira inataka nguvu, naye nguvu zake zilikuwa zimebaki za kupandia ngazi kurudi kazini. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyeambiwa na kipofu kwamba haoni vizuri.

Azimio la Kilele likapitishwa siku hiyohiyo. Vioo vyote elfu arobaini vigeuzwe vitazame magharibi, vilipokee jua kwa heshima linapofika kileleni. Mgao ufanyike saa 7, saa ya mahitaji makubwa. Saa nyingine yoyote, na hasa saa moja jioni ambayo wazembe fulani wameizoea, ni marufuku kukata. Utekelezaji uanze siku ya Sikukuu ya Kilele, ambapo Mkuu wa Nchi mwenyewe angebonyeza kitufe katika uwanja wa Kilimani.

"Tusipokata saa moja itakuwaje?" Ngwali aliuliza, ingawa alijua.

"Bwawa litazidiwa. Mitambo itajizima yenyewe, nchi nzima giza. Na ikizimika, kuiamsha ni saa kumi na mbili."

"Zetu au zao?"

"Hizo ni za kungoja, Ngwali. Za kungoja ni zilezile kwa kila mtu."

*

Siku ya Sikukuu, saa saba mchana, Sikudhani alisimama akate kama alivyoamriwa. Simu ikalia. Alikuwa Katibu Mkuu.

"Leo usikate. Wageni wanakula."

Akakaa. Umeme ulikuwa mwingi wa kumwaga, akapiga simu kwenye vioo wauzime nusu, na vioo vikazimwa huku vimelipa jua ubavu.

Saa kumi simu ililia tena. Safari hii alikuwa Bi Chiku wa zahanati.

"Da Siku, mwanao nimempokea. Amekuja na uchungu wake, hajambo. Nakadiria saa moja, saa moja na nusu hivi." Kisha akauliza, "Zamu yetu ya mgao lini?"

Orodha ilikuwa ukutani, lakini Sikudhani hakuhitaji kuitazama. "Leo," alisema.

"Basi acha nitafute betri za tochi."

"Usitafute," alisema Sikudhani, akakata simu kabla ya kuulizwa kwa nini, maana hata yeye hakujua.

Saa kumi na mbili jua lilianza kuteremka, na ni haki kusema kwamba vile vioo vilivyogeuzwa kwa ujinga vilipata mwanga wa machweo na kutoa umeme kwa dakika ishirini zaidi ya desturi. Kosa nalo lina riziki yake. Kisha jua likaondoka. Mjini watu walikuwa wakirudi. Taa moja, taa mia, pasi, majiko. Pampu za Idara ya Maji zikawaka kwa heshima ya marehemu aliyeandika waraka. Kwenye ukuta mshale unaopima mzigo wa umeme ukapanda, ukaingia kwenye nyekundu.

"Dada Siku," alisema Ngwali. "Tukikata tumeasi. Tusipokata, ndani ya dakika tano nchi imelala."

Sikudhani alizitazama swichi za mitaa mitatu ya zamu. Mikoroshoni ilikuwa katikati, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Alimwona Mwanamkasi kitandani, akamwona Bi Chiku ameuma tochi, akaviona vyombo alivyoosha msibani. Aliogopa, na hakuona sababu ya kumficha mtu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo.

"Naogopa, Ngwali."

"Hata mimi."

"Basi kama ni kuasi, tuasi mara moja."

Alikwenda kushoto kabisa. Aliibandua ile karatasi, na chini yake kukaonekana mita ya Kilimani, ambayo kwa miaka ishirini na sita haikusomwa na mtu kwa sababu ilifunikwa na amri ya kutoiangalia. Mzigo wake ulikuwa sawa na mitaa mitatu, na ziada. Taa elfu nne za mapambo, vipaza sauti, viyoyozi vya kwenye mahema, majokofu ya soda. Sikudhani aliisoma mara mbili. Miaka yote hiyo watu watatu walikuwa wakilala njaa kwa ajili ya sahani moja.

Akaifuta swichi vumbi kwa upindo wa khanga yake, akaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, haijazoea. Akaikata. Mshale wa mzigo ukashuka, ukatulia, na mashine ya kumbukumbu ikatema kijikaratasi chake: KILIMANI, 7:00.

*

Waliokuwepo uwanjani wanasimulia kwamba saa hiyohiyo Mkuu wa Nchi alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza kitufe. Uwanja ukawa giza totoro. Bendi ikasita katikati ya wimbo. Kisha wakubwa wakageuka, na kutoka juu kule mlimani wakauona mji wote chini yao ukiwaka, mtaa kwa mtaa, jambo ambalo saa kama hiyo hakuna aliyepata kuliona. Waziri, ambaye uwaziri hakuupata kwa bahati, alipaza sauti bila kipaza sauti:

"Mheshimiwa, umeme umewashukia wananchi!"

Watu wakapiga makofi gizani, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Saa moja na dakika ishirini na tano Bi Chiku alipiga simu.

"Da Siku, wa kike. Kitovu kilimzunguka shingoni mara mbili." Pumzi yake ilisikika. "Lakini nilikiona. Wanisikia? Nilikiona kwa macho yangu."

Sikudhani alijibu kuwa amesikia. Kisha akaweka kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti, na Ngwali akatoka nje kwenda kukagua nguzo ambayo haikuwa na kasoro.

*

Tume ya uchunguzi ilimwita wiki iliyofuata. Alikwenda na mkoba wake wa vitu vya ofisini, kikombe na kandambili za kuvaa kazini, kwa kuwa alijua harudi. Mbele ya tume palikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na mahali pa kujaza saa ya tukio, kwa tarakimu tu. Aliwapa kile kijikaratasi cha mashine.

Katibu Mkuu alikisoma. Akakisoma tena. Akampa mwenzake.

"Laini ya Kilimani ilikatwa saa saba."

"Ndivyo mashine inavyosema."

"Na Azimio linaamuru kukata saa saba."

"Ndivyo linavyoamuru."

Wakanong'onezana. Ilionekana wazi kwamba mtumishi huyu alikata laini yake saa saba mchana, kwa utii wa kupigiwa mfano, na kwa hiyo giza lililotokea uwanjani saa moja jioni lilikuwa giza lingine kabisa, lisilomhusu, ambalo chanzo chake kinafanyiwa kazi. Mjumbe mmoja alikumbuka kuwa saa saba siku ile alikuwa anakula pilau chini ya feni inayozunguka. Alifungua mdomo, akakitazama kijikaratasi, akaufunga.

"Waheshimiwa," alianza Sikudhani, "ile ilikuwa saa mo..."

"Ulitaka kusema nini?" alidakia Katibu Mkuu.

Aliwatazama mmoja mmoja. Nyuma yao mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Nilitaka kusema tarakimu hazitafsiriwi."

Alipewa cheti cha utii chenye fremu, na chini yake agizo: aendelee kukata laini hiyohiyo, saa hiyohiyo, kila siku, bila kukosa.

Basi tangu hapo kila jioni Kilimani huwa giza, kwa amri ya Kilimani. Wenyewe hawalalamiki. Kwa mujibu wa Azimio saa moja jioni hakuna mgao, na kulalamikia kisichokuwepo ni uchochezi. Wakubwa hupita kwenye varanda zao na mishumaa, wakikutana husalimiana, na kila mmoja humwuliza mwenzake habari za mwanga mzuri wa siku hizi. Mjukuu alikatiwa kadi ya kliniki isemayo kuwa amezaliwa saa 7, yaani saa tatu kabla mama yake hajafika zahanati. Wakampa jina Sikujua, awe na la kusema siku akiulizwa na tume.

Mchana bado Sikudhani anamwaga. Pampu bado zinawashwa saa moja. Hata hivyo juzi alipata majibu ya ile barua yake, akamsomea Ngwali kwa sauti. Wizara ilimjulisha kwamba barua ya pampu na betri imefika mezani kwa Mheshimiwa Waziri, anayependa sana kuisoma. Kwa bahati mbaya mchana ana vikao, na jioni, muda anaosomea barua za wananchi, nyumbani kwake hakuna taa. Avute subira.

Ngwali alikuna kidevu. "Je, leo tu, dada Siku? Tumwachie taa nusu saa, aisome?"

Sikudhani alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kurasa mbili tu, mtu akisoma haraka hazifiki dakika tano. Ukutani ilikuwa saa moja kasoro dakika mbili, na kwenye orodha ile ya zamani, ambayo hakuna aliyeifuta, ilikuwa zamu ya Mikoroshoni.

"Bi Chiku ana wawili wa kuzalisha leo," alisema.

Akaikunja barua, akaiweka kwenye droo juu ya cheti, akasimama taratibu kwa ajili ya goti, akaikata Kilimani.